Andrea Nantanga, Aliyeitikiwa na Mlembe

"Babu, ukimnyima mlembe fungu lake, atafanya nini?"

Nilimuuliza hivyo Agosti 2021, nikiwa darasa la sita. Alicheka tu. "Doris, maswali yako yatamaliza asali yote."

Marehemu Mzee Andrea Nantanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Kitaya, karibu na Mto Ruvuma. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. La tano, alikuwa akisema, alifundishwa na ndege.

Alilima mikorosho na mihogo, lakini wengi mlimjua kwa kurina asali ya nyuki wa msituni. Alipiga mluzi, yule ndege mlembe akaitika, akamtangulia mti hadi mti mpaka penye nyuki. Marehemu hakuonja asali kabla ya kuweka kipande cha sega juu ya jani. Hilo lilikuwa fungu la mlembe, maana mlembe hula nta.

Mwaka 1975 alifunga ndoa na Bibi Raheli, aliyemposa kwa chupa mbili za asali. Bibi anasema moja ilifika imeshaonjwa.

Hapa naomba niseme jambo langu. Siku ile ya Agosti, Babu alipotangulia na ndoo ya asali, nilirudi nikalichukua fungu la mlembe. Nilitaka wenzangu darasani waone chakula cha ndege huyo, maana hawakuniamini. Msimu uliofuata mlembe hakuja. Babu alipiga mluzi mpaka midomo ikakauka. Vijana wakamtania, "Mzee Andrea, ndege wako kahamia Msumbiji!" Akacheka nao. Mimi niliamini ni kosa langu. Hakurina tena.

Februari 2025 alipata kiharusi. Alitibiwa hospitalini Mtwara mjini, akarudishwa nyumbani, akafariki alfajiri ya tarehe 2 Juni 2025. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa, mimi nikiwa wa sita. Mungu ampokee, ampumzishe vyema.

Wiki moja kabla ya kifo chake, nikimlisha uji, nilimwambia yote huku nalia. Alisukuma kijiko pembeni. Alizungumza kwa shida, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Mlembe hakufanya kitu. Vidole vyako vilinuka nta, nikajua. Nikarudi jioni ileile, nikamwekea fungu lingine. Akala. Alihama watu walipokata miti."

Akanishika mkono.

"Mimi nilikuwa nangoja useme."