Kolekole wa Fundi Gerson

Nyuma ya stesheni ya Tabora kuna kijiwe chenye benchi moja, na benchi hilo lina msumari. Umetokeza upande wa kushoto, na sheria ya kijiwe ni kwamba mwongo hukaa hapo. Fundi Gerson, mtengeneza baiskeli, ameukalia miaka tisa, tangu aliposema treni ilirudi nyuma kumfuata alipoachwa Urambo. Juzi amerudi kutoka Mafia, alikokwenda kumtembelea mdogo wake, nahodha wa boti ya watalii wanaovua kwa starehe. Safari hii ana habari ya kweli, na anachotaka ni kimoja tu: kuhama msumari.

— Rudia, alisema Renatus, karani mstaafu wa mahakama wanayemwita Jaji. Mtalii akatapika, fimbo ya kuvulia akakupa wewe.

— Akanipa.

— Chambo?

— Kipande cha mti kilichopakwa rangi. Unakirusha mbali, unakivuta, kinarukaruka juu ya maji.

— Samaki mzima adanganywe na ubao! alicheka Rada, dereva wa bajaji. Kambale wa bwawa la Igombe tu hakubali bila mnyoo!

— Huyu si kambale, Rada. Ni kolekole, wa baharini. Alipotoka chini, bahari ilifanya shimo. Jicho kama kikombe hicho. Akaondoka na mshipi, boti ikageuka. Nilidhani nimenasa ardhi, halafu ardhi ikakimbia.

Hakuna aliyecheka. Gerson aliliona hilo.

— Nusu saa nzima, aliendelea. Tulipomfikisha ubavuni mwa boti, urefu wake ni toka ekseli ya mbele ya baiskeli hadi ekseli ya nyuma.

— Mtume! Batuli, muuza kahawa, aliweka birika chini. Mkamla na nini?

Swali hilo ndilo Gerson alilokuwa akiliogopa tangu ndani ya treni.

— Tulimwachia.

Benchi lililipuka.

— Fiksi! Fundi, fiksi!

— Ngojeni, alisema Rada. Labda ni samaki wa serikali. Ana namba.

— Ameajiriwa, alisema Jaji. Asubuhi anaripoti, anavuliwa, jioni anarudi kwake.

— Nyie hamjui kitu, alisema Batuli. Yeye ndiye anayewavua watu. Anawavuta wazungu toka kwao huko, anawatazama vizuri, anawaachia.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha Jaji akakohoa.

— Picha iko wapi?

— Mdogo wangu alikuwa kwenye usukani, mtalii anatapika. Mikono yangu ilikuwa na kazi.

— Basi msumari, Fundi.

Kulikuwa na mteja anangoja, Lugembe, mkulima wa Lusu, baiskeli yake imepata pancha. Gerson akachuchumaa, akaujaza upepo mpira wa ndani, akauzamisha kwenye karai la maji kutafuta tundu. Mikono ikasimama humo humo.

— Ukimwachia ghafla anakufa, alisema polepole, kama anayeongea na karai. Amechoka. Unamshika mkia, unamwelekeza kichwa mkondo unakotoka, maji yapite mdomoni. Mashavu yanafunguka, yanajifunga. Unangoja. Halafu nguvu inaanza mkiani, inapanda mpaka mabegani kwako wewe. Yeye ndiye anayekuambia muda umefika.

Mapovu yalikuwa yanapanda kwenye karai. Hakuna aliyeyatazama.

— Shikamooni wazee, alisema Lugembe. Samahani. Kwa hiyo sasa hivi, tunavyoongea hapa, yuko hai?

Rada alikitazama kikombe chake. Batuli aligeukia mashariki, reli inakoelekea, akatega sikio. Huko mbali, mwisho wa reli na ng'ambo ya maji, labda kuna kitu kikubwa kinapita gizani, wala hakijui kama kuna Tabora.

Wote wakamgeukia Gerson. Miaka tisa hajawahi kukosa jibu.

— Sijui, alisema. Sijui kabisa.

Jaji Renatus aliinuka, akazunguka benchi, akakalia msumari yeye mwenyewe.

— Mwongo hasemi sijui. Njoo ukae katikati, Fundi.

— Ngoja kwanza, alisema Gerson, mikono yake bado imo majini.