Mama Futi, Aliyepima Matumbo Miaka Thelathini na Minne

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Futi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1953, mtoto wa pili kati ya sita wa seremala na mkewe. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yake. Alipofikisha miaka kumi na minane alikuwa na cherehani yake mwenyewe.

Aliolewa na baba yetu, dereva wa lori, tarehe 20 Januari 1973. Mimi, mtoto wao wa kwanza, nilizaliwa tarehe 11 Agosti 1974 nikiwa na kilo tano na gramu mia mbili. Majirani walishangilia: "Jitoto hilo! Mama kala vizuri!" Hakuna aliyeuliza kuhusu bega. Kichwa kilitoka, bega likakwama, nikavutwa, na mkono wangu wa kushoto haujainuka kupita kifua hadi leo. Miezi yote tisa hakuna aliyempima mama tumbo wala sukari. Jambo hilo lilimkera mpaka mwaka 1976 akaacha cherehani na kwenda chuo cha ukunga. Alihitimu Novemba 1978.

Alifanya kazi katika kliniki moja ya wajawazito, chumba cha pili kushoto, hadi alipostaafu Juni 2012. Futi kamba yake ya ushonaji aliingia nayo kazini. Aliilaza juu ya tumbo, kuanzia mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba, akaandika kwenye kadi. "Kuanzia wiki ya ishirini, sentimita ziende sambamba na wiki. Zikizidi wiki kwa tatu, usicheke, kapimwe." Alisema hivyo mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Na bado watu waliendelea kutangaza kilo za watoto kama wauza maboga. Mtu akisema, "Mwanangu kazaliwa na kilo tano," wenzake walipiga vigelegele, mama aliuliza, "Na wewe ulishonwa nyuzi ngapi?" Sherehe nyingi hakualikwa tena.

Kisukari kilimpata mwaka 2009. Hapa niseme ukweli: mgonjwa mbishi kama yule sijaona. Soda alizokataza wengine alizificha chini ya mto. Tukimkanya alijibu, "Mimi nimeshajifungua wanne. Simnenepeshi mtu." Mwaka jana figo zilichoka.

Akiwa kitandani aligundua kwamba binti yangu, mjamzito, hajakanyaga kliniki tangu mimba ilipokuwa ya miezi minne. Kila mtu nyumbani alikuwa akimwambia tumbo kubwa ni afya. Mumewe akasema yeye mwenyewe amempima, akaja kwa furaha.

"Bibi, mia moja na nne!"

Alikuwa ameizungusha futi kiunoni.

"Baba, unampima mtoto au unamshonea mkeo sketi?"

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023 alimpima mwenyewe, tukiwa tumemwinua kwa mito. Wiki thelathini na mbili, sentimita thelathini na saba. "Jumatatu, kliniki. Sukari na picha ya mtoto. Msiningoje mimi."

Alifariki Jumapili tarehe 15, saa nne asubuhi. Jumatatu ikapita. Mashangazi walisema, "Mtoto mwenye afya hakimbii. Tuzike kwanza." Leo ni Alhamisi, tunazika. Mimi si mtu wa kubishana na mashangazi, ndiyo maana nimeandika haya, na nimeomba yachapishwe kwenye ratiba ya mazishi.

Marehemu ameacha watoto wanne, wajukuu tisa, na kitukuu mmoja ambaye hajazaliwa, ameketi na mama yake mstari wa pili. Kesho saa mbili asubuhi nitampeleka binti yangu kliniki. Vyombo vya msiba vitaoshwa na wengine. Mkwe aje, ila futi aiache nyumbani. Na atakayeniambia tungoje arobaini kwanza, naomba aanze kwa kunieleza hili bega.

Mama apumzike kwa amani, kama sisi tutamruhusu.