Mama Eustakia Anaiweka Glasi Chini

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuonja, Mama Eustakia Bukuru anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Bia nyeusi yote iliyotoka katika kiwanda chetu hapa Kasulo, Ngara, ilipita kwanza kinywani mwake. Asiyemjua asidhani tunamuaga mlevi. Mama huonja na kutema, huonja na kutema, na funda la mwisho tu ndilo analomeza, kwa sababu anasema bia ambayo haijafika kifuani hujaijua.

Ni mzaliwa wa Rulenge, mtoto wa mama aliyekuwa akipika pombe ya ndizi na mtama. Kiwandani aliingia kama mwosha chupa. Akahamishiwa chumba cha kuonja baada ya mwonjaji wa kwanza kuokoka na kuacha pombe, jambo tulilomshukuria Mungu huku tukikuna vichwa.

Kwa wageni walioalikwa leo ambao hawajaigusa bia yetu, ni vyema nieleze. Ni bia nzito, nyeusi tii, yenye kilevi cha asilimia kumi, na haifai kunywewa kwa haraka ya kuwahi basi. Inamiminika polepole, povu lake rangi ya chai ya maziwa. Mimi Novatus ni mtu wa kufungasha chupa, kwa hiyo ladha namwachia Mama mwenyewe. Kwanza, anasema, inakuja kahawa, tena ile ya kutafuna, inayokwaruza ulimi. Nyuma yake unakuja muwa uliochomwa, kisha ukoko wa uji ulioshika sufuria, na mwisho kabisa ndizi iliyokaushwa darini juu ya moshi. Uchungu ukae pembeni mwa ulimi, usishuke kooni. Joto lifike kifuani likiwa limebisha hodi. Na isitoke kwenye friji, maana ukiigandisha umeiziba mdomo.

Hayo yote yakipatana, Mama husema neno moja: imetulia. Likikosekana moja husema: bado. Frednand, mpishi wetu mkuu wa bia, amewahi kununa wiki nzima kwa sababu ya hiyo bado, lakini pipa halikutoka.

Jina la bia nalo ni lake, ingawa hakulikusudia. Tulipoanza kuipika tulitaka iitwe Nyeusi Kali, na Mama, tayari akiwa mwonjaji, ndiye aliyempigia simu mchapaji wa lebo kule Mwanza. Mchapaji akaandika alichosikia. Lebo zikaja zimeandikwa NYEUSI KARI, maboksi kwa maboksi. Sisi wa Ngara, ambao l na r kwetu ni mapacha, tulizisoma, tukaona ziko sawasawa, tukazibandika. Aliyegundua ni Maduhu, dereva wetu Msukuma, aliyecheka mpaka akakaa chini. Kufikia hapo wateja walikuwa wameshaizoea, na hadi leo ukiagiza Kali watakuuliza unataka bia gani hiyo.

Miaka ya karibuni Mama alipewa mwanafunzi, Kwandu, binti wa wafugaji wa Runazi, kule Biharamulo. Ana pua nzuri na adabu nyingi, na hiyo adabu ndiyo iliyotutia wasiwasi. Kila asubuhi alipiga goti, akasema shikamoo, akaonja, kisha akakubali chochote alichosema mkubwa wake. Mama akisema imetulia, naye imetulia. Mama akisema bado, naye bado. Kadiri mwezi wa Juni ulivyokaribia, Mama alikosa raha. Aliniambia wazi, "Novatus, naacha mwangwi. Siachi mwonjaji." Na kiwanda kisicho na mtu wa kusema bado hakina muda mrefu, hilo kila mmoja wetu analijua.

Kwa ajili ya sherehe hii Frednand alipika pipa la pekee, lenye kimea kilichokaangwa zaidi, akalipa jina la Eustakia. Wiki iliyopita tulijazana katika chumba cha kuonja. Mama akanusa, akaonja, akameza. Machozi yakamlengalenga. Akasema, "Imetulia." Tukapiga makofi na Frednand akamkumbatia kila aliyekuwa karibu, pamoja na mlinzi.

Kwandu alikuwa bado ameshika glasi yake. Akaja mbele ya Mama, akapiga goti, tukadhani anampongeza.

"Shikamoo mama," akasema.

Halafu, bila kuinua macho wala kusubiri aitikiwe, akaendelea, "Hii bado. Kilevi kimetangulia kahawa. Mgeni ameingia ndani kabla ya mwenye nyumba."

Frednand akatazama dari. Mimi nilimwonea huruma binti yule, maana kwao na kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa mbele ya watu. Mama akaichukua tena glasi yake, akaonja, akakaa na lile funda mdomoni muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Akameza.

"Marahaba mwanangu," akajibu. "Bado."

Akalia, na hakujificha. Baadaye aliniambia kwamba mara ile ya kwanza hakuonja bia, alionja jina lake. Tangu siku hiyo anatembea mwepesi, na hilo neno mwangwi sijalisikia tena kinywani mwake.

Ndiyo sababu ratiba ya leo haina tena kipengele cha kufungua pipa la Eustakia. Kuna Nyeusi Kari ya kutosha, soda, na ndizi za nyama. Frednand amesamehe, au anakaribia.

Mama, pipa lako tumeliacha lilale. Siku yake ikifika tutakufuata nyumbani Rulenge. Unaijua desturi yetu: mwenye nyumba huonja kwanza, ndipo ampe mgeni. Miaka yote hii mwenye nyumba ulikuwa wewe. Siku hiyo utakaa kiti cha mgeni, Kwandu ataonja mbele yako, na wewe utangoja neno lake kama sisi tulivyokuwa tukingoja lako.

Asante kwa kila bado uliyotuambia. Tunakutakia maisha yaliyotulia.