Papa Sévère Hatungimana, Msomaji wa Mvua ya Pande Zote Mbili za Mfereji

Papa Sévère Hatungimana alizaliwa Runingu, katika bonde la Ruzizi, tarehe 4 Februari 1949, mtoto wa tatu wa mzee Bigirimana na mama Inamahoro, wakulima. Mama yake alisimulia kwamba siku hiyo mvua ilinyesha mpaka mkunga akafika na viatu mkononi. Ilikuwa mvua kiasi gani, hakuna aliyepima, na jambo hilo lilimkera marehemu maisha yake yote.

Alianza shule ya msingi kwa mapadre mwaka 1956. Vita vya 1964 vilifunga shule, akavuka Ruzizi kwenda kwa wajomba zake Burundi, akarudi 1967 na kumaliza masomo ya kilimo mwaka 1970.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa moniteri, bwana shamba wa serikali, akakabidhiwa pluviometa, yaani kopo la bati la kupimia mvua, lisomwe kila siku saa moja asubuhi. Daftari lake la kwanza linaanza tarehe 1 Septemba 1971. Mshahara ulikoma miaka mingi baadaye, kusoma hakukukoma. Tulipokimbia mwaka 1996, Mama Léocadie alibeba sufuria na watoto, yeye akabeba madaftari, na suala hilo lilijadiliwa nyumbani kwa muda mrefu. Kwa miezi tuliyokaa ukimbizini, katika kila mstari aliandika neno moja tu: vita.

Tarehe 13 Julai 1974 alifunga ndoa na Léocadie Ninahazwe. Ilikuwa kiangazi, hata tone halikuwa limeanguka kwa wiki sita, lakini bwana harusi alichelewa kanisani kwa sababu alikwenda kwanza kusoma kopo. Bibi harusi alimuuliza amekuta nini. Akajibu, "Zero. Zero nayo ni habari." Mama Léocadie anasema siku hiyo ndiyo alipojua kwamba ana mke mwenza wa bati.

Wengi wenu mliofika hapa leo mnamkumbuka kwa mambo ya mwaka 2013. Mgogoro wa uchefu, yaani nani awe chifu, uligawa bonde letu, Barundi huku, Bafuliiru kule, na mfereji mmoja wa maji katikati. Watu walikuwa wameanza kuuana. Juu ya hayo mvua ilichelewa, na kila upande ukaamini kwamba wenzao wameifunga. Redioni walizungumzia mabadiliko ya tabianchi, lakini Papa Sévère hakulitumia neno hilo. "Ukisema tabianchi, wanauliza ni ya chama gani," alituambia. "Minye naanzia mu milimita."

Madaftari yake yalionyesha kwamba mvua ya kupandia, iliyokuwa ikija katikati ya Septemba, ilikuwa imesogea karibu mwezi mzima. Kila mtu akipanda kwa tarehe yake, maji ya mfereji yasingetosha, na kugombania maji mwaka ule kulimaanisha mapanga. Kwa hiyo alitengeneza kopo la pili, akavuka mfereji peke yake na kumpa Gédéon, mkulima wa Kifuliiru ambaye walikuwa hawajasalimiana naye tangu Januari.

"Weye Sévère, watu wenu wamefunga mvua, sisi tuko tunakufa na jua!" Gédéon alimwambia.

"Basi pima. Mukipata kidogo kuliko sisi, utanishitaki."

Baada ya wiki tatu, tarehe 19 Oktoba, walikutana kando ya mfereji. Marehemu alileta chungu cha kasigisi, pombe ya ndizi, na mirija, na sheria moja: mwenye mrija mdomoni anasikiliza. Alfajiri ile mvua ilikuwa imemwagika, watu wamefika na matope mpaka magotini. Gédéon akafunua kopo lake: kavu. Nsengiyumva, mdogo wa marehemu, aliyeachiwa kopo la upande wetu wiki zile ili isisemwe kwamba kaka yake anajipimia, akafunua lake: kavu pia.

Papa Sévère alitazama makopo, kisha akatazama suruali zao.

"Ile mvua ya leo, ililowesha suruali tu?"

Nsengiyumva ndiye aliyetoa mrija mdomoni kwanza. "Kaka, niliona kopo iko na maji mingi, nikasema hawa watatuua, watasema tumeivuta kwetu. Nikamwaga."

"Na minye vilevile!" Gédéon akapiga paja. "Nilimwaga yote, nikapangusa na shati!"

Walicheka mpaka chungu kikayumba. Marehemu hakucheka mara moja. Alisema, "Zero ya kweli niliiandika siku ya ndoa yangu. Hizi zenu ni zero za woga." Ndipo naye akacheka. Siku hiyo walikubaliana tarehe moja ya kupanda na zamu za maji, na mwaka ule hakuna aliyekufa kwa ajili ya mfereji.

Kisukari kilimshika mwaka 2018, akahamia Nyamianda kwa binti yake Belyse. Hakuogopa kufa. Aliogopa kwamba akiondoka watu wataanza tena kumwaga. Kwa hiyo kila asubuhi Gédéon alimpigia simu, naye alisema neno moja tu: "Ngapi?"

Jumanne, tarehe 9 Machi 2021, hakuweza kushika simu. Belyse aliipokea. Gédéon alisema, "Kwangu kumi na saba. Kwa Nsengiyumva vilevile, nimepita kuhakikisha." Belyse alimnong'oneza baba yake. Akafumbua macho, akasema, "Andika." Hakusema tena. Alifariki saa sita mchana.

Ameacha mjane, Mama Léocadie, watoto watano, wajukuu kumi na wanane na mdogo wake Nsengiyumva. Gédéon ameomba jina lake liandikwe kati ya ndugu wa marehemu, na familia imekubali, kwa sharti kwamba asimwage.

Mungu ampe Papa Sévère pumziko la amani. Kesho saa moja asubuhi, tunasoma.