Josephat Malimi, Mchungaji wa Ng'ombe Wadogo Kuliko Wote

Mwezi wa nne mwaka 1937, hapa hapa Bujora, Chenge, mdogo wa marehemu, alitangaza mbele ya watu kwamba mimi Akelo ni mchawi, akanifukuza na watoto wangu. Haikuwa kweli. Naanza na hilo kwa sababu leo tunamzika mume wangu katika kaya ile ile niliyofukuzwa. Maneno ni yangu. Anayesoma ni binti yetu Teodora, maana mimi shule sikuiona.

Josephat Malimi alizaliwa Bujora mwaka 1903, mtoto wa kwanza wa mzee Masalu. Alisoma kwa mapadri miaka mitatu. Walimu walilalamika kwamba anacheka hata wakati wa sala, ila mwandiko wake ulikuwa safi, nao ukampatia kazi ya kuandika uzito wa pamba kiwandani kwa Noorali, Mwanza.

Mlangoni pa kiwanda hicho ndipo tulipoonana. Mimi ni wa Shirati, nilikuwa nauza samaki. Alininunulia kila siku, mwisho akakiri kwamba yeye samaki hali, anampa paka wa Noorali. Tulifunga ndoa mwaka 1926. Paka alikuwa amenenepa sana.

Mwaka 1936 kampuni ya kutafuta mafuta ya ardhini ilianza kutoboa visima karibu na Kigongo, marehemu akaajiriwa huko chini ya mzungu mpima miamba. Marehemu aliosha kwa chujio laini udongo uliotolewa chini, akaukausha, akatafuta ndani yake vigamba vya viumbe wa kale, vidogo kama chembe za chumvi. Kwa vigamba hivyo mzungu wake alijua wamefikia tabaka gani, na kama inafaa kuendelea kutoboa. Marehemu alivinyanyua kimoja kimoja kwa ncha ya unyoya uliolowa. Nilipomuuliza hiyo ni kazi gani, alisema, "Mama Teodora, Wasukuma wote tunachunga ng'ombe. Wangu ni wadogo tu, na hawali shamba la mtu."

Masika ya 1937 hema la kambi alimokuwa akikaushia udongo likavuja. Akauleta nyumbani hapa Bujora kwa baiskeli, katika vifuko vya kitambaa cha marekani vilivyoandikwa namba za kina cha kisima, nikavining'iniza juu ya jiko vikauke. Manyoya yalitoka kwa kuku wangu mweusi. Siku hizo ng'ombe wa Chenge walikuwa wanakufa. Aliingia jikoni kuomba moto, akaona vifuko, akaona manyoya, akatoka uwanjani akipaza sauti: "Huyu Mjaluo ni mchawi, amefunga udongo wa nyayo zetu." Jioni ilinikuta barabarani na watoto na kuku yule.

Marehemu aliporudi alimpelekea Chenge kioo cha kukuzia ajionee mwenyewe. Chenge akasema hatazami dawa za mke wa mtu. Tukahamia Igoma. Njiani marehemu alimpa yule kuku jina la Shangazi, kwa kuwa ndiye ndugu pekee aliyetusindikiza.

Mafuta hayakupatikana. Walikuta miamba migumu kama ile iliyosimama ziwani, na mwaka 1939 kampuni ikaondoka, wakamwachia kioo. Majirani wakawa wanakuja kutazama chumvi, chawa na vidole vyao. Gangaben mwenye duka alitazama mchele wake, akaondoka bila kuaga kwenda kuupepeta upya.

Novemba 1947 marehemu alianza kuugua kifua. Februari hii Chenge alikuja kumwona. Marehemu, ambaye hata kukaa hakuweza, aliomba kioo na kifuko kimoja alichokuwa amekihifadhi. Chenge aliinama, akatazama muda mrefu. Kisha akanigeukia, akasema taratibu, "Shemeji, kumbe ni konokono."

Marehemu alicheka mpaka tukamshika. Akamwambia, "Kawaambie na wa Bujora." Chenge akaitikia. Marehemu alifariki Igoma, alfajiri ya tarehe 9 Machi 1948.

Ameacha mjane, watoto wanne, mjukuu mmoja, na mdogo wake Chenge, aliyekaa pale mbele.

Chenge, "mchawi" ulilisema uwanjani, Bujora nzima ikasikia. "Konokono" umelisema chumbani, na kati ya sisi wawili tuliolisikia, mmoja yumo humu jenezani. Hilo la pili unadaiwa wewe, na pa kulitoa ni uwanja huu. Mume wangu alale, mifugo yake ameiswaga yote nyumbani.

Shemeji, simama.