Bwana Pointi, Fundi Magodoro Aliyevaa Mkanda wa Taifa

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa kusimama juani. Tutakwenda pole pole, maana marehemu mwenyewe hakupenda kukimbizwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba kuli na mama muuza mkaa. Mama yake, ambaye tunaye hapa, husema kila mtoto huzaliwa amekunja ngumi, "ila huyu wangu alichelewa kuzikunjua."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982 na kumaliza la saba mwaka 1988, si wa kwanza, si wa mwisho. Alikuwa ameingia sekondari baba yake alipoumia mgongo, mwaka 1990. Akayafungia madaftari sandukuni, akaenda kujifunza kushona magodoro. Hakunung'unika. Alisema darasani alikuwa akisinzia vilevile, afadhali akasinzie penye magodoro.

Na ni godoro lililompeleka kwenye ngumi. Mwaka 1992 kocha mmoja aliagiza gunia la mazoezi. Marehemu alilijaza pamba na matambara, akalibeba begani hadi ukumbini, likatundikwa. Kisha, kama afanyavyo fundi yeyote, akalipiga ngumi huku na huku kusikiliza kama limejaa sawasawa.

Kocha akamtazama. "Rudia."

"Limekaa sawa, mzee."

"Gunia nimeshaliona. Rudia wewe."

Pambano lake la kwanza la kulipwa lilikuwa tarehe 17 Agosti 1996. Kwa miaka kumi na minne alipanda ulingoni mara thelathini na nane, akashinda thelathini na moja, karibu zote kwa pointi. Ndipo alipobandikwa jina la Bwana Pointi. Wako waliomwona mvivu. Kinyozi wa mtaani kwetu, shabiki asiyekosa, alikuwa akipiga kelele: "Pointi! Mlaze huyo twende nyumbani!" Siku moja marehemu akachomoa kinga ya meno katikati ya mapumziko, akamjibu: "Anayetaka kulala aje dukani Jumatatu, nimpimie godoro." Ukumbi mzima ulicheka, mwamuzi naye akageuka pembeni.

Tarehe 4 Desemba 1999 alimwoa msusi wa saluni iliyotazamana na duka lake. Tangu hapo hakuna mwingine aliyemfunga bandeji za mikono, kwa kuwa vidole vya msusi huvuta kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Kocha alipoziona mara ya kwanza aliuliza, "Tunakwenda kupigana au harusini?" Mwezi haukwisha, mabondia wengine nao wakawa wanapanga foleni saluni. Marehemu na mkewe walijaliwa mabinti wawili.

Mkanda wa taifa wa uzito wa kati aliutwaa tarehe 22 Novemba 2003. Waliokuwepo wanakumbuka raundi ya mwisho. Mpinzani wake alikuwa amekwisha, miguu haimbebi. Marehemu hakummaliza. Alimkumbatia, akaibana mikono yake, akamshikilia hadi kengele, kocha akifoka, "Unabembeleza mtoto?" Baadaye alisema, "Pambano lilishaisha, kocha. Nilikuwa namshikia tu mpaka kengele ilie."

Aliacha ngumi mwaka 2010, akabaki na magodoro yake na kufundisha vijana jioni. Maneno yalikuwa mengi, kwamba kamkimbia fulani. Ukweli ni kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa makonde. Mkewe alilijua hilo siku alipomwona akimimina chai pembeni ya kikombe. Marehemu alitaka siri hiyo azikwe nayo. Mjane ameomba isemwe leo, kwa sababu tangu msiba uanguke kuna swali linanong'onwa humu humu: bondia mzima, kachomwaje kisu na kijana asiyejua hata kukunja ngumi?

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa kumi jioni, mkokoteni ulikwaruza pikipiki mbele ya duka. Kijana mwenye pikipiki akachomoa kisu, akamwendea mvuta mkokoteni. Marehemu akatoka dukani, akamkumbatia yule kijana kwa namna ileile ya ulingoni, akimwambia, "Tulia, mwanangu, tulia." Kisu kilikuwa upande asiouona. Kiliingia chini ya mbavu, naye hakumwachia mpaka watu walipomnyang'anya kijana kisu. Hakurusha ngumi hata moja, si kwa kushindwa.

Jumapili, hospitalini, alimuuliza mkewe, "Yule wa mkokoteni yupo?"

"Yupo, kachubuka tu."

"Haya. Makava ya magodoro yapo kwa fundi. Mwambie asiache kushona."

Alifariki Jumatatu tarehe 16 Juni, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Sasa, huyo fundi cherehani ndiye aliyemshonea marehemu makava yote kwa miaka kumi na minane. Na ndiye mama mzazi wa yule kijana. Kijana yuko mahabusu, sheria ina njia yake. Lakini mama huyu alijifungia ndani, na mawe yakaanza kuanguka juu ya bati lake. Jana Jumatano mchana, vijana wa mazoezini walimjia mjane, macho mekundu.

"Mama, toa neno moja tu. Nyumba tunaijua."

"Nyumba mnaijua. Fundi je, mnamjua?"

"Ni mama yake muuaji."

"Na mabegi yenu ya glovu alishona nani?"

Mjane akavaa viatu, akatoka, nao wakamfuata bila kujua wanakwenda kufanya nini, wengine mawe mkononi. Akagonga mlango wa fundi. "Fundi, fungua. Makava yamefika wapi?"

Mlango ukafunguka. "Bado mawili, mama," fundi akasema.

"Lete nikushikie ncha, umalizie."

Wakakaa mlangoni, wazi, kila mtu akiwaona, mmoja akishona, mwingine akishika, wote wakilia. Vijana walisimama uani muda mrefu. Kisha mawe yakaanza kuwekwa chini, moja moja, kwa aibu. Lakini si vijana wote waliokuwepo jana. Wako waliofika leo asubuhi na hasira zao mbichi. Haya yameandikwa kwa ajili yenu hasa, wanawe marehemu wa mazoezini.

Marehemu ameacha mama mzazi, ndugu wanne, mjane, mabinti wawili na mjukuu mmoja. Ameacha vijana wa mazoezini, ambao aliwafundisha kupiga na, zaidi ya hapo, kushika. Ameacha pia fundi wake, aliyekaa mstari wa mbele pamoja na mjane, kama mfiwa, kwa sababu ni mfiwa. Atatupa udongo baada ya mabinti, na atasindikizwa hadi mlangoni kwake.

Apumzike kwa amani Bwana Pointi, na amani hiyo ianze kwetu sisi tutakaotoka hapa kwa miguu yetu.