Mama Bim na Herufi Zake Zenye Vitambi

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Bimdogo Faraji, ambaye mji mzima unamwita Mama Bim, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuandika mabango katika karakana yetu hapa Tukuyu. Alianza mwaka 1991, mimi sijazaliwa, na hilo ananikumbusha kila siku kabla ya chai.

Umaarufu wake ni herufi zake. Nene, za mviringo, kila moja ina kitambi kama imetoka kula pilau la harusi. Alizitoa kwenye majalada ya santuri za baba yake, fundi cherehani aliyehamia huku kutoka Pangani. Utaziona kwenye saluni, fulana za kwaya, kadi za kipaimara na madigadi ya bodaboda. Tangazo la msiba haliandiki kwa herufi hizo, anasema zinacheka. Na bango likizidi maneno manne, anakurudisha nyumbani ukapunguze.

Mwezi wa tano bosi wetu, Lugano, aliingiwa na hofu. Mama Bim akiondoka, herufi zinaondoka naye, maana hajawahi kuziweka popote zaidi ya mkononi mwake. Akamwomba ziingizwe kwenye kompyuta. Mama Bim akakubali kwa sharti moja: zisomeke kwenye ukungu, kutoka ng'ambo ya barabara. Zisiposomeka, bora zife kuliko kuzurura mjini zikimwaibisha.

Kazi akapewa kijana mwenye kipaji, yaani mimi. Siku mbili tu nikamaliza, tena nikazinenepesha kumzidi mwenyewe. Asubuhi ya ukungu nikatundika bango: NDIZI MBIVU. Mama Bim akasimama ng'ambo, akakodoa macho.

"Mwanangu, mbona naona magunia kumi ya viazi?"

Kumbe herufi nene husomeka kwa matundu yake. Mimi nilikuwa nimeziba tundu la D, nimeziba ya B, na miguu ya M nimeigandisha. Alinikalisha wiki tatu, akinielekeza kwa kijiti kwenye kioo cha kompyuta. Kioo kina mikwaruzo hadi leo. Mimi pia, lakini ya kwangu haionekani.

Mwezi wa saba, ukungu mzito, tukatundika tena. Mama Bim hajafika hata katikati ya barabara, akatokea Esnath wa Matwebe, anayeuza ndizi upande ule wa pili. Beseni kichwani, amefura.

"Nani huyo kaja kuuza ndizi mbele yangu? Ajitokeze!"

Mama Bim alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akaingia ndani, akamwambia Lugano zibaki. Esnath alikataa kuamini kwamba hatuna ndizi mpaka alipokagua chini ya meza zote.

Mama Bim, asante kwa kazi, kwa subira, hata kwa masimango. Nenda Kisondela kwenye maparachichi yako, uupumzishe mkono huo, Mungu akupe afya na miaka mingi ya kucheka. Ukipita mjini, yasome mabango yetu kwa mbali. Ukikuta tundu limeziba, piga simu. Usiulize aliyeandika ni nani.